Kifungu cha Msumari

Saa nne kasoro dakika tano asubuhi, siku ya pili ya mkutano, mzee aliyeketi safu ya mbele alisimama kwa mara ya tatu kumuuliza msemaji swali lile lile.

Swali lenyewe halikuwa na ubaya. "Chumvi uliipima kabla ya kuyatoa maji yaliyolala kisimani, au baada?" Yeyote anayefanya kazi ya maji ya chini ya ardhi anajua kwa nini linaulizwa. Maji yaliyokaa muda mrefu ndani ya bomba la kisima hayasemi kweli kuhusu maji yaliyomo kwenye mwamba. Sharti yavutwe na kumwagwa kwanza, ndipo upime. Msemaji, mtafiti kijana aliyekuwa anaitoa kazi yake hadharani kwa mara ya kwanza, alijibu bila kubabaika: baada, walivuta mpaka joto la maji likaacha kubadilika, kisha wakapima. Mara ya pili alijibu hivyo hivyo, akarudisha mchoro kwenye skrini ili mzee ajionee. Mara ya tatu hakujibu. Alimgeukia mwenyekiti wa kikao amwokoe, akakuta mwenyekiti anacheka.

Wala hakuwa peke yake. Ukumbi ulikuwa umeangua kicheko, na wakongwe wa safu za kati walikuwa wanagonga mikono ya viti kwa vifundo vya vidole, ko, ko, ko, kama maseremala. Mzee mwenyewe, akiwa bado wima, alitabasamu.

"Nimeshajibu," alisema mtafiti. Aliweka kipaza sauti mezani taratibu, akateremka jukwaani, akatoka kwa mlango wa pembeni. Muda wake ulikuwa haujaisha.

Nyuma kabisa ya ukumbi, karibu na fundi wa sauti, alikuwa amesimama mratibu wa mwenendo wa mkutano. Wenzake tangu chuoni walimwita Rula, kwa kuwa hakuwahi kupinda hata pale ambapo kupinda kungemfaa. Aliyaona yote. Hakucheka, wala hakufanya lolote. Alidhani anaona kitu anachokijua. Alitoka kwenda kufungua chumba chake cha kupokea malalamiko, maana alijua mtu atakuja.

Kicheko kile kilikuwa na historia. Mzee yule aliitwa Mwalimu mbele yake na Msumari nyuma yake. Kizazi kizima cha watu wa maji kilipita mikononi mwake, na tangu ujana wake alikuwa na namna moja ya kuuliza. Swali la kwanza lilikuwa la kuutafuta ubao, la pili la kuuingia, la tatu la kuzamisha kichwa. Akikuuliza mara ya tatu, maana yake yote uliyosema hayajawa jibu. Na mara nyingi alikuwa sahihi: tundu lilikuwepo kwenye kazi, na msemaji alikuwa anapiga chenga. Waliogongewa walijivunia baadaye. Wakati wa chai walisimuliana nani aliangusha karatasi, nani alisahau hata jina la mto aliokuwa anausoma. Wale waliogongewa wakaacha utafiti hawakuwepo kwenye chai hiyo, kwa hiyo habari zao hazikusimuliwa.

Rula aligongewa mwaka aliomaliza shahada ya pili. Alitapika chooni, akanawa uso, akarudi maabara, akakuta kweli tundu lipo. Watu walipenda kumwambia kwamba siku ile ndiyo iliyomfanya awe alivyo. Yeye hakuona ushahidi wa hilo. Tundu lingeweza kuonyeshwa bila yeye kutapika.

Alipoombwa kuandika mwongozo wa mwenendo wa mikutano yao, aliweka mambo ambayo kila mwenye akili timamu angeyakubali: watu wasiguswe bila ridhaa, wasidhihakiwe kwa lafudhi, kwa mwili, kwa umri wala kwa chuo walikotoka, na anayelalamika asisumbuliwe. Halafu akaongeza kifungu ambacho kiligombaniwa vikao viwili. Swali lililokwisha jibiwa lisirudiwe kwa nia ya kumdhalilisha msemaji. Kikapita. Mwongozo ukachapishwa nyuma ya kila beji, na siku hiyo hiyo watu wakakibatiza: kifungu cha Msumari. Msumari mwenyewe alikisoma, akasema ni kizuri, akaivaa beji.

Chumba cha mwenendo kilikuwa stoo ya viti, ukuta mmoja na jiko. Vikombe viligongana upande wa pili kutwa nzima. Mtafiti alifika akiwa ameshikilia mkoba kifuani kwa mikono miwili.

"Karibu, mdogo wangu. Chagua kiti, hiyo ndiyo mali pekee tuliyo nayo."

Mtafiti hakuchagua. Rula akamvutia kimoja.

"Kabla hujasema neno," Rula alisema, "ujue yule alikuwa mwalimu wangu. Una haki ya kutaka mtu mwingine akusikilize."

"Kwani kuna mtu hapa hakufundishwa naye?"

Rula alifikiri kwa dhati, kama kawaida yake. "Fundi wa sauti," alisema. "Na wapishi."

Mtafiti akacheka, kicheko kikamgeuka katikati, akajifuta macho kwa kiganja kwa hasira.

"Dada, sitaki afukuzwe. Sitaki hata aniombe radhi kama haoni kosa. Nataka mtu amuulize kwa nini. Nimerudia moyoni kila nilichosema, neno kwa neno, sioni tundu. Nimempigia simu msimamizi wangu, naye halioni. Lakini ananiambia, kama Msumari kagonga mara tatu basi lipo, tuiondoe makala kabla haijachapwa tusije tukaumbuka."

"Anaiondoa lini?"

"Leo jioni. Nikipata tundu nitaliziba, hata ikibidi nianze upya. Kama hakuna, na aseme hakuna. Lakini nisipojua, naacha. Nitarudi vipi kisimani kupima kitu, na mimi mwenyewe siamini mkono wangu?"

Rula alimwambia atapata jibu kabla ya hotuba ya kufunga. Aliposema hivyo alikumbuka hotuba ya kufunga ni ya nani. Ilikuwa ya Msumari, ya kuaga. Ilipangiwa alasiri ile ile, picha yake ilikuwa tayari kwenye mabango ya mlangoni. Mtu aliyevunja mwongozo hapandi jukwaani. Hilo nalo aliliandika yeye.

Utaratibu ulitaka wasikilizaji wawili. Wa pili alikuwa Mkemia, aliyesoma na Rula, mtu mnene mwenye maneno mepesi, ambaye naye aliwahi kugongewa na kuisimulia hadithi yake kila mwaka kwa nakshi mpya.

"Leo tunamgongea Msumari mwenyewe," alisema akijibana katikati ya viti. "Nyundo umekuja nayo?"

"Acha mzaha."

"Rula, nikiacha mzaha nitaogopa."

Msumari alikuja na mke wake. Mama, kama wanafunzi wote walivyomwita, alikuwa amebeba koti la mumewe mkononi. Aliketi kwenye kiti cha nje ya mlango bila kuambiwa. Mzee aliingia peke yake, tai imenyooka, viatu vimeng'aa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Marahaba, mtu wa tindikali. Mmenileta stoo? Nimechakaa kiasi hicho?"

Mkemia alicheka mwenyewe, akakoma mwenyewe. Rula alisoma lalamiko lilivyo, bila kulilainisha. Kisha akauliza alichoombwa kuuliza.

"Kwa nini ulimrudia swali mara tatu, Mwalimu? Katika jibu lake, ni nini hakikukutosheleza?"

"Mara tatu?" Mzee aliwatazama kwa zamu. "Niliuliza mara moja."

"Mwalimu..."

"Mara moja. Alijibu vizuri, nikaketi."

Mkemia alikohoa. "Mwalimu, ukumbi mzima umeona."

"Ukumbi mzima umekuwa ushahidi tangu lini? Hivi ndivyo nilivyowafundisha? Watu mia wanaweza kukosea kwa pamoja, tena kwa furaha. Nionyesheni kipimo."

Rula alimwelewa hivi: mzee ameamua kukana. Ilimuumiza kuliko kugongewa. Katika miaka yote ile alimjua kuwa mkali, kuwa mwenye kiburi, hata kuwa katili, mwongo hakuwa. Na kwa kuwa ameomba kipimo, apewe kipimo. Vikao vyote vilikuwa vinarekodiwa. Mkemia alienda kwa fundi wa sauti, akarudi na kompyuta ndogo, akaiweka juu ya kiti, wakainama wote watatu.

Kwenye skrini ilionekana migongo ya watu na jukwaa kwa mbali. Mtafiti alimaliza kusoma slaidi ya mwisho. Mgongo wa mzee ukasimama, swali likasikika.

"Swali zuri," alisema Msumari.

Mtafiti akajibu.

"Na jibu zuri. Hadi joto likaacha kubadilika. Safi kabisa." Alimgeukia Rula akiwa na ile furaha yake ya darasani. "Huyu nani amemfundisha?"

Kwenye skrini mgongo ulikuwa umeketi. Ulikaa hivyo muda mfupi, mwenyekiti akanyoosha kidole kwa mtu mwingine, kisha mgongo ukasimama tena. Swali likasikika, neno kwa neno.

Mzee alimtazama Mkemia. "Umerudisha nyuma?"

"Hapana, Mwalimu," Mkemia alisema. "Inaendelea."

Upande wa pili wa ukuta vikombe viliendelea kugongana. Msumari alivuta kiti mbele kidogo. Alimtazama mtafiti akijibu mara ya pili, akiurudisha mchoro, akionyesha kwa kidole. Aliutazama mgongo wake ukisimama mara ya tatu. Alisikia kicheko, na ile ko, ko, ko. Kwenye skrini kichwa chake kiligeuka kuwaangalia wanaocheka, na uso wake ukaonekana wazi: ulikuwa unatabasamu tabasamu la mtu ambaye wenzake wamecheka jambo ambalo yeye hakulidaka, na hataki ionekane.

Rula alikuwa amekiona kitendo kile kwa macho yake asubuhi, akiwa nyuma. Alikuwa hajauona uso.

"Nilikuwa nacheka nini?" Msumari aliuliza.

Mkemia aliisimamisha picha hapo hapo, kwenye uso.

"Nauliza. Nilikuwa nacheka nini?"

"Walicheka wao," Rula alisema, "ukacheka nao."

Mzee alivua miwani, akaishika mapajani. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa ya mtu anayepanga hoja. "Nakumbuka kusimama mara moja. Kipimo kinaonyesha mara tatu. Kipimo hakina sababu ya kunionea. Kwa hiyo kasoro iko kwangu." Akawatazama, safari hii bila ualimu. "Mbona hamkunizuia?"

Mkemia aliangalia sakafu.

"Watu wote wale. Nusu yao nimewalea. Mtu anasimama mara ya pili na swali lililojibiwa, hamshtuki. Anasimama mara ya tatu, mnampigia viti. Kwa nini?"

"Tulidhani ni kawaida yako, Mwalimu," alisema Rula.

Mzee aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama anavyoitikia matokeo yaliyopatikana kihalali. Kisha akasema, "Mwiteni mke wangu."

Mama aliingia na koti lake mkononi. Alitazama skrini iliyosimama kwenye uso wa mumewe, akatazama nyuso tatu zilizokuwa chumbani, akaketi.

"Wewe ulijua," mzee alimwambia.

"Nilijua nini, baba watoto? Tangu tuoane nimekujibu kila kitu mara tatu. Mlango nimefunga, nimefunga, nimefunga. Nilizoea. Lini uliacha kuuliza kwa kunibana, ukaanza kuuliza kwa sababu hujui, hapo sikupaona. Nikija kushtuka, ni mambo ya kitambo." Akawageukia wageni wake, kana kwamba stoo ile ni sebule yake. "Hotuba ya leo kanisomea kila jioni, wanangu. Kanisomea vizuri. Akimaliza anaweka karatasi sawa, ananiuliza, je, tuanze?"

"Na ile miadi ya daktari wa macho?" aliuliza mzee.

"Si wa macho."

Msumari alivaa miwani yake. Rula alimuona akiimeza ile habari, na ikashuka kwa shida. Mkemia alikuwa anatokwa na machozi waziwazi wala hakuyafuta.

"Basi, tuamue," alisema mzee. "Hotuba sitoi. Mtu asiyejua kama ameuliza hawezi kujua kama amesema. Hilo limekwisha. Sasa mtawaambia nini watu?"

"Ukipenda, tutasema umepata udhuru wa afya."

"Sipendi. Nikitoka hapa na neno hilo, kuanzia leo kila nilichowahi kuandika kitasomwa upya. Hapa alikuwa mzima? Na hapa? Waambieni nimevunja mwongozo, mmeniondoa. Ukali wangu wanaujua, hautawasumbua. Watasema mzee kapatikana, basi."

"Kifungu kinasema kwa nia, Mwalimu. Nia haikuwepo."

"Nia nawapa. Andikeni ilikuwepo."

"Nia si kitu cha kupeana."

"Binti yangu, unanibania hata aibu yangu mwenyewe?"

"Yule msichana ameomba kitu kimoja tu," Rula alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. Asingeweza kuitoa kwa namna nyingine. "Ameuliza kwa nini. Nikimwambia ulikusudia, ataelewa kwamba uliona tundu. Leo jioni makala yake inaondolewa, na yeye anaacha kazi. Miaka yake ya visima itakwenda, kwa jibu ambalo wewe mwenyewe umeliita safi kabisa hapa mbele yetu. Sitakuruhusu ujifunike kwa kumvua yeye."

Mama aligeuza uso. Vidole vya mzee vilishika ukingo wa kiti. Rula alijua amemkata palipokuwa tayari na jeraha. Hata angerudi nyuma, asingesema vingine.

"Yuko wapi?" mzee aliuliza mwishowe. "Twende sasa hivi, wakati bado ninalo kichwani."

Walimkuta kwenye ukumbi wa mabango, ambako tafiti zilibandikwa ukutani, akilikunja bango lake alitie kwenye bomba la plastiki. Watu wengi walikuwa wamekwenda kula. Alipomwona Msumari anakuja alisimama wima, bango likamponyoka mikononi, likafunguka sakafuni. Rula alimuuliza kama yuko radhi kuzungumza na mzee, akamwambia kwamba akisema hapana, hapana yake inatosha. Mtafiti alisema yuko radhi. Rula na Mkemia wakabaki hatua chache nyuma, Mama akasimama kando ya mumewe.

"Ulijibu mara ya kwanza," Msumari alisema. "Jibu lilikuwa kamili. Kwenye kazi yako mimi sikuona tundu."

Mtafiti aliuliza, "Basi kwa nini, Mwalimu?"

Mzee alifungua kinywa, akafunga. Mama alimshika kiwiko. Rula, aliyekuwa anaangalia, hakujua kama mzee anatafuta ujasiri au anatafuta lile jambo lenyewe.

"Sikukumbuka kwamba nimeuliza," alisema.

Mtafiti alimtazama mzee, akamtazama Mama na mkono wake ulioshika kiwiko. Uso wake ulibadilika polepole, kama wa mtu anayesoma maandishi madogo. "Hata ile ya tatu?"

"Hata ile ya tatu. Nisamehe. Hilo halikukuhusu wewe. Ni langu."

"Nimekusamehe, Mwalimu." Akaongeza haraka, "Nafuta lalamiko. Nalifuta sasa hivi. Dada, nalifuta."

"Usilifute," mzee alisema. "Ukifuta watatafuta sababu."

Hapo Rula aliingilia. Alimchukua mtafiti hadi dirishani, akamweleza mambo yalivyo bila kupamba. Hotuba haitakuwepo. Ugonjwa ni siri ya mzee, na bila ruhusa yake kamati haitamki. Watu waliona ya asubuhi, wataunganisha wenyewe. Watasema amemwangusha Msumari siku yake ya kuaga, na wengine hawatamwachia. Itamfuata kwenye mikutano mingine, labda kwenye kazi. Akitaka, watamwomba mzee tena airuhusu habari ya afya itajwe, na wakimsihi sana pengine atakubali. Anao uhuru wa kutaka hivyo. Mwongozo uko upande wake, yeye kwanza.

"Na kuhusu jibu langu, mtasema?"

"Hilo litasemwa kwa kinywa changu, mbele ya watu wote."

Mtafiti alitazama kule mabangoni. Msumari alikuwa ameokota ncha ya bango lililoanguka na alikuwa anausoma mchoro wa visima kwa makini makubwa, kidole kikifuata mstari. Mama alikuwa ameshika ncha ya pili.

"Asubuhi walinicheka wakiwa hawajui kitu," mtafiti alisema. "Waache wanichukie wakiwa hawajui kitu. Msimwombe tena."

"Una hakika?"

"Sina. Lakini msimwombe."

Kabla ya alasiri alimpigia msimamizi wake simu, Rula akisikia upande mmoja wa mazungumzo. Makala haikuondolewa. Mzee na mkewe waliondoka kwa mlango wa jikoni, kwa teksi aliyoiita Mkemia. Mkemia ndiye aliyemfungulia mlango wa gari. Alirudi ndani akaketi safu ya mwisho.

Saa ya hotuba ukumbi ulijaa hadi wengine wakasimama ukutani. Picha ya Msumari ilikuwa kwenye skrini kubwa, ya zamani, nywele bado nyeusi. Rula alipanda jukwaani. Maneno yake alikuwa ameyapima moja moja, na hakuna hata moja lililokuwa la uongo.

"Hotuba ya kufunga haitakuwepo. Mwalimu ameiondoa mwenyewe. Leo asubuhi alimrudia msemaji swali ambalo lilikuwa limekwisha jibiwa. Jibu lilikuwa sahihi na kamili tangu mara ya kwanza, na Mwalimu ametaka hilo lisemwe hapa. Amemwomba msemaji radhi. Kosa la kucheka na kugonga viti halikuwa lake. Hilo ni letu sote, waliocheka na tuliotazama tu, mimi nikiwa mmoja."

Safu za nyuma, walikokaa vijana, mtu mmoja alipiga makofi. Wengine wakamuunga mkono. Makofi yakaongezeka, yakawa ya kushangilia. Kijana mmoja akapiga mluzi. Safu za kati hazikupiga. Huko kulikuwa na minong'ono, na sauti moja ilisema ili isikike, "Yaani Mwalimu wamemfukuza kweli." Mkemia, peke yake nyuma, alikuwa amefunika uso kwa mikono.

Mtafiti alikuwa ameketi pembeni, kiti cha njiani. Hakupiga makofi. Rula alimuona mtu wa kiti cha nyuma yake akiinama hadi karibu na sikio lake. Alikuwa yule mwenyekiti wa kikao cha asubuhi.

"Umefurahi sasa?" Makofi yalikuwa yamepungua, na kila mtu wa upande ule alimsikia. "Mzee wa watu, siku yake ya mwisho. Umefurahi?"

Mtafiti alitazama mbele, mikono mapajani. Angeweza kumnyamazisha kwa sentensi moja. Hakuisema.

Rula aliweka kipaza sauti mezani, akashuka ngazi, akafuata njia ya katikati ya viti hadi kwenye safu yao. Makofi yalikwisha kabisa.

"Tutoke nje mara moja, ndugu yangu," alimwambia mwenyekiti.

"Mimi? Nimefanya nini?"

"Nitakueleza nje."

Mwenyekiti aligeuka kushoto, akageuka kulia, akiwatafuta wenzake kwa tabasamu. Hakuna aliyecheka. Alichukua mkoba wake chini ya kiti, akasimama.